Waliofika Baada ya Mlipuko

Ukitoka Cape Town kwa barabara kuu ya N1, mashamba ya mizabibu hukusindikiza hadi De Doorns, kisha gari linapanda mlima, na ukishavuka kilele kijani kinakoma. Hapo ndipo Karoo inapoanza: vichaka vifupi vya rangi ya vumbi, kondoo wachache, na seng'enge za wakulima zinazonyooka hadi jicho lichoke. Kwenye stesheni ya zamani ya Matjiesfontein unaiacha njia kuu na kushika ya kaskazini. Dereva aliyenichukua alisisitiza tujaze tangi kabla ya kukata kona. Kuanzia hapo, alisema, ni zaidi ya kilomita mia moja bila pampu wala mtu wa kukusukuma. Alisema kweli. Tulipishana na magari ya kuhesabika, na mojawapo lilikuwa limebeba kondoo.

Sutherland yenyewe ni kanisa la mawe, barabara pana kuliko magari yake, na nyumba za wageni zilizopewa majina ya nyota. Wenyeji hujivunia kwamba mji wao ni miongoni mwa ile yenye baridi kali kabisa Afrika Kusini, na katika mwezi wa Juni hawana haja ya kumthibitishia mgeni. Mimi ni mtu wa Mombasa. Nyuzi joto ishirini kwangu ni sababu tosha ya kutafuta sweta. Usiku ule zilishuka chini ya sifuri, na mama mwenye nyumba niliyofikia akanipa mablanketi, chupa ya maji moto ya kukumbatia, na ushauri wa kuvaa soksi juu ya soksi.

Kilima chenye darubini kiko kilomita kumi na kitu nje ya mji, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ni kituo cha taasisi ya falaki ya Afrika Kusini, SAAO, ambayo makao yake yako Cape Town. Mchana mtu yeyote hukata tiketi akazungushwa. Usiku mambo ni mengine, na ilinibidi kuandika barua nyingi kabla ya kuruhusiwa kukaa pembeni katika chumba cha udhibiti, kwa masharti ya kutogusa kitu na kutowasha tochi ya simu huko nje. Magari yanayopanda kule baada ya magharibi huenda na taa hafifu za kuegeshea, polepole, maana mwanga mmoja wa ovyo unaweza kuharibu kazi ya saa nzima. Mgeni wa kawaida huenda Sutherland kutazama nyota. Mimi nilikwenda kutazama kitu kikififia.

Karibu kila siku, pembe fulani ya ulimwengu hutoa mlipuko wa miale ya gama. Kwa sekunde chache, pengine dakika, chanzo hicho kimoja hung'aa katika miale hiyo kupita anga yote iliyobaki, kisha kinanyamaza na hakirudii tena. Jicho haliioni miale ya gama, na angahewa huizuia isifike chini, kwa hiyo binadamu ameishi chini ya milipuko hii tangu awepo bila habari nayo. Walioigundua hawakuwa wakiitafuta. Marekani ilikuwa na setilaiti za kijeshi zilizoitwa Vela, kazi yake kuchunguza kama Wasovieti wanalipua mabomu ya nyuklia kwa siri. Tarehe 2 Julai 1967 zikanasa mmweko usiofanana na wa bomu lolote. Habari haikutangazwa hadi 1973, na kwa miaka zaidi ya ishirini iliyofuata wataalamu walibishana kama mambo haya yanatokea ujiranini mwa galaksi yetu au mbali kabisa. Mwaka 1995 walifanya mdahalo wa hadhara mjini Washington, Bohdan Paczyński akitetea mbali, Donald Lamb akitetea karibu, na watu wakatoka ukumbini kila mmoja na lake.

Kizuizi kilikuwa kwamba vyombo vya gama huuona mmweko bila kujua vizuri umetoka wapi. Vinakuonyesha kipande cha anga chenye nyota na galaksi zisizo na idadi, na wewe ukigeuza darubini, mmweko wenyewe umekwisha.

Kilichowaokoa ni mabaki. Nyota kubwa mno inapokufa, kitovu chake huporomoka na kuwa shimo jeusi, na sehemu ya mada hurushwa nje kwa mikondo miwili myembamba yenye mwendo unaokaribia ule wa nuru. Mmweko wa gama huzaliwa ndani ya mkondo huo. Nao mkondo haukomi hapo. Unaendelea mbele, unagonga gesi nyembamba iliyoizunguka nyota, unaisukuma na kuichemsha, na elektroni zilizonaswa katika nguvu za sumaku za gongano hilo huzunguka zikitoa nuru ya kila aina: eksirei, nuru ya kawaida tunayoiona, mawimbi ya redio. Huu ndio mng'ao wa baada. Katika eksirei huweza kuonekana kwa saa au siku, katika nuru ya kawaida siku au wiki, na katika redio wakati mwingine hupita mwaka.

Namna unavyopungua ndiyo iliyonivuta. Unapungua kama harusi ya kwetu baada ya keki kukatwa: nusu ya wageni huondoka saa ya kwanza, nusu ya waliobaki huchukua muda mrefu zaidi kuaga, na alfajiri bado utawakuta wachache mkekani ambao hakuna ajuaye watakwenda lini. Kwa hesabu ya jumla, mwangaza uliopo saa moja baada ya mlipuko hubaki sehemu moja ya kumi baada ya saa kumi, na sehemu moja ya mia baada ya saa mia. Anayewahi hupata nuru tele ya kupima, na anayechelewa naye hapati patupu. Zaidi ya hayo, kuna jambo ambalo aliyewahi hawezi kulijua kamwe kama hatarudi tena kutazama. Baada ya siku kadhaa, mara nyingine mteremko ule huvunjika, na mng'ao ukaanza kushuka kwa kasi mpya. Maana yake ni kwamba mkondo umepunguza mwendo kiasi cha sisi kuanza kuzihisi kingo zake. Kutokana na siku ya kuvunjika huko hupigwa hesabu ya wembamba wa mkondo, na kutokana na wembamba huo hujulikana nishati halisi iliyotoka. Bila subira hiyo ungedhani nyota imemwaga nguvu zake pande zote, na hesabu yako ingezidi mara mamia.

Usiku wa kwanza kule juu mawingu yalifunga, tukanywa chai ya rooibos na kusikiliza upepo. Hakuna mtu anayekueleza kwamba falaki ni kazi ya kusubiri hali ya hewa. Mwanafalaki wa zamu alikuwa na dirisha la utabiri wa mawingu upande mmoja wa kompyuta na mechi ya raga upande wa pili, na sikuona kama anaudhika na chochote kati ya hivyo viwili.

Usiku uliofuata anga lilifunguka. Nilitoka nje dakika chache kabla ya kazi kuanza, na Njia Nyeupe ilikuwa imekatiza juu ya kichwa kutoka upeo hadi upeo, Nge akiwa amejikunja katikati yake. Jengo kubwa la SALT lilisimama kando na mnara wake mwembamba wa kupangia vioo. Hii ndiyo darubini moja ya nuru iliyo kubwa kuliko zote kusini mwa ikweta, iliyozinduliwa mwaka 2005, kioo chake kikiwa kimeungwa kwa vipande 91 vya pembe sita, kila kimoja upana wa mita moja. Ili kupunguza gharama, waliijenga kwa mteremko usiobadilika. Inazunguka kama mtu anayegeuka kwa kisigino bila kuinua wala kuinamisha shingo, na kifaa kilicho juu yake ndicho kinachoifuata nyota inapopita. Kitu kikiwa ndani ya duara lake la anga, una saa moja hivi ya kukishika. Kikitoka, uvumilie. Kwa wanaofukuza mng'ao wa baada, hiyo ni bahati nasibu ya kila usiku, lakini bahati ikiangukia kwako, kioo kile kinakusanya nuru ambayo wengine wanaiota tu.

Usiku ule SALT ilikuwa na foleni yake nyingine. Kazi yetu ilikuwa kwenye Lesedi, darubini ya mita moja ambayo jina lake kwa Kisotho ni nuru. Taarifa ya mlipuko ilikuwa imekuja siku iliyotangulia kutoka setilaiti ya Swift. Darubini za roboti, ambazo hazilali wala hazinywi chai, zilikuwa zimegeuka zenyewe ndani ya dakika na kupiga picha za mwanzo. Sisi tulikuwa wa zamu ya pili, saa zaidi ya thelathini baadaye, na tuliomba mabaki.

Mwanafalaki alifungua picha ya jana, ya darubini za roboti, na ya leo, ubavu kwa ubavu. Vumbi jeusi lenye nukta nyeupe. Alinionyesha kwa ncha ya kalamu nyota tatu zilizofanya kipembe, kisha nukta iliyokuwa ndani ya kipembe hicho. Katika picha ya jana ilikuwa wazi. Katika ya leo ilinibidi nisogeze uso hadi karibu nigonge kioo. Nyota zile tatu hazikubadilika hata chembe, na hiyo ndiyo sababu ya kuwa nazo: ni mashahidi, unapima nukta kwa kuilinganisha na majirani zake waliotulia. Aliunganisha picha fupi nyingi kuwa moja ndefu, kelele ikapungua, nukta ikajitokeza. Akaandika namba. Kisha akaanza upya.

Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na siwezi kuipamba zaidi ya ilivyo. Kila namba ni tone moja kwenye mchoro wa mteremko, na mchoro huo unajengwa na watu wasiofahamiana, mmoja yuko Chile, mwingine Visiwa vya Kanari, mwingine India, kila mmoja akipokea kijiti jua linapomchwea. Kwa sababu hiyo Sutherland ina thamani kubwa kuliko ukubwa wake. Kati ya Chile na Australia kuna bahari pana, na upande wa kusini wa dunia nchi kavu ya kuwekea darubini ni chache. Kituo hiki kikilala, pengo la saa kadhaa linabaki kwenye mchoro.

Nilimuuliza kuhusu tukio analolikumbuka. Hakutaja mlipuko mkali kuliko yote. Alitaja 17 Agosti 2017, nyota mbili za nyutroni zilipogongana katika galaksi ya NGC 4993, umbali wa miaka ya nuru milioni 130, mawimbi ya uvutano yakafika kwanza na mmweko wa gama sekunde 1.7 nyuma yake. Mmweko wenyewe ulikuwa dhaifu, wa kupuuzwa. Galaksi ile ilikuwa chini upande wa magharibi, ikizama mara tu baada ya jua, na SALT iliilenga wakati wa machweo katika siku zile za kwanza na kupata spektra ya nuru iliyokuwa ikigeuka kutoka buluu kwenda nyekundu siku hadi siku, dalili ya metali nzito zinazotengenezwa pale pale. Halafu likaja la ajabu zaidi. Mng'ao wa eksirei haukuonekana mwanzoni kabisa. Ulijitokeza siku tisa baadaye, ukaendelea kuongezeka kwa miezi kadhaa, ndipo ukaanza kushuka. Mkondo haukuwa umeelekezwa kwetu. Ilibidi upungue mwendo na kutanuka kabla nuru yake haijatufikia. Waliokata tamaa wiki ya kwanza waliukosa.

Ilipokaribia alfajiri niliuliza swali la kizembe, la mtu mwenye usingizi. Data za Swift zinashukia wapi duniani?

Akajibu bila kugeuza kichwa: Malindi.

Nilirudi nyumbani nikiwa na safari nyingine.

Katika shule nilizosoma pwani hii, hakuna mwalimu aliyenitajia. Tulikariri sehemu za ua, tukachora moyo wa ng'ombe, tukajua Vasco da Gama aliwahi kutia nanga Malindi na kuacha nguzo. Kwamba mji ule ule ndio mlango ambao habari za nyota zinazokufa huingilia duniani, hilo nilikwenda kulisikia Karoo, kwenye baridi. Kwa usahihi zaidi: taarifa ya kwanza ya Swift, ile ya kuamsha darubini, hupitia setilaiti nyingine za kupokezana na kufika ndani ya sekunde chache. Mzigo mzito, yaani vipimo vyote vya eksirei na vya mwanga vinavyofuata, huteremshwa kwenye antena za kituo cha Shirika la Anga za Juu la Italia kilichoko Malindi, setilaiti inapopita juu yetu, kisha husafirishwa hadi Pennsylvania kwa wanaoiendesha.

Kituo hicho kiko Ngomeni, na kwenda huko unatoka Malindi kwa barabara ya Garsen. Unavuka daraja la Sabaki, maji yake mekundu kwa udongo wa bara, unaipita Mambrui na minara yake, halafu unafika Gongoni, mahali ambapo nchi inageuka nyeupe. Ni mashamba ya chumvi, mabwawa mapana ya maji ya bahari yaliyoachwa jua liyakaushe, na vilima vya chumvi vinavyoumiza macho saa sita mchana. Hapo nilishuka kwenye matatu na kupanda bodaboda. Kijana aliyenibeba alipoulizwa kama anajua San Marco alicheka. Nani asiyejua San Marco?

Ngomeni ni kijiji cha wavuvi kwenye ulimi wa mchanga, mikoko upande mmoja na bahari upande mwingine. Ukisimama ufukweni unayaona yamesimama ndani ya ghuba ya Ungwana: majukwaa ya chuma juu ya miguu mirefu, San Marco na Santa Rita, kutu imeyala, ndege wameyakalia. Mwitalia Luigi Broglio, profesa na mwanajeshi wa anga, ndiye aliyelichagua eneo hili miaka ya 1960. Ukirusha roketi kuelekea mashariki karibu na ikweta, mzunguko wa dunia hukusaidia kuisukuma, na mbele yako ni bahari tupu. Kati ya 1967 na 1988 roketi za Scout ziliruka kutoka hapa. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, iliruka setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa kwa ajili ya falaki ya eksirei peke yake. Waliirusha na kuipa jina Uhuru. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi yake ya kisayansi, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Miaka miwili baada ya Uhuru, Novemba 1972, ikafuata SAS-2, iliyotengenezwa kutazama miale ya gama.

Nilimkuta mzee mmoja chini ya mkungu akishona wavu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanionyesha pa kukaa bila kuacha sindano yake.

"Mzee, roketi waziona zikiruka?"

"Twaziona! Tulikuwa wadogo, twaambiwa siku ile hakuna kutoka na dau. Basi twakaa hapa hapa. Kwanza waona moshi. Mlio waja nyuma."

"Mlijua zabeba nini?"

"Watu wasema zaenda mwezini." Akavuta uzi kwa meno. "Wewe wasemaje?"

Nilimweleza ya mwaka 1997, kwa sababu ndiyo yaliyonileta. Mwaka uliotangulia, Waitalia wakishirikiana na Waholanzi walikuwa wamerusha BeppoSAX kutoka Florida, na wakaiweka kwenye njia iliyokaribia kulala juu ya ikweta. Kule kwenye njia hiyo vyombo husumbuliwa kidogo na chembe zilizonaswa katika sumaku ya dunia, na kila mzunguko, kama dakika 97, setilaiti hupita juu ya pwani yetu. Ilikuwa na dakika zisizozidi kumi na chache za kuonana na antena ya Malindi. Katika dakika hizo ilimwaga kila ilichorekodi, Malindi ikavirusha Roma.

Alfajiri ya Ijumaa, 28 Februari 1997, zikiwa zimebaki dakika mbili kufika saa kumi na mbili kwa saa za kwetu, BeppoSAX ilinasa mlipuko upande wa kundinyota la Jabari. Mizigo ikashuka hapa kama kawaida. Roma, kundi la Enrico Costa likaona kwamba safari hii kamera ya eksirei nayo iliuona mmweko na kuonyesha ulipotoka kwa usahihi usiozoeleka. Wakaamuru setilaiti igeuke. Saa nane baada ya mlipuko, vyombo vyake vikali zaidi vilitazama pale na kukuta chanzo cha eksirei kisichokuwa kwenye ramani yoyote. Siku tatu baadaye vilitazama tena, nacho kilikuwa kimepungua mara ishirini hivi. Hapo ndipo mng'ao wa baada ulipoonekana kwa mara ya kwanza, na kilichoutambulisha si kung'aa kwake. Ulijulikana kwa kupungua.

Jan van Paradijs wa Amsterdam na wanafunzi wake Titus Galama na Paul Groot walikuwa wameomba picha kutoka darubini ya William Herschel kisiwani La Palma, na ikapigwa saa ishirini na moja hivi baada ya mlipuko. Picha moja haikutosha. Nukta mpya katikati ya nukta utaijuaje? Wakapata ya pili tarehe 8 Machi. Nukta moja iliyokuwepo Februari haikuwepo tena. Mei mwaka ule ule ukaja mlipuko mwingine, BeppoSAX ikautambua, na darubini ya Keck huko Hawaii ikasoma katika nuru yake alama za chuma na magnesi zilizoachwa na gesi iliyopita njiani. Alama hizo zilikuwa zimesogea kiasi cha kumaliza ubishi wa Washington: nuru ilisafiri miaka zaidi ya bilioni sita. Paczyński alikuwa sahihi. Katika redio, Dale Frail na wenzake waliiona nukta ile ikimetameta kama nyota zinavyometameta, na baada ya wiki kadhaa kumetameta kukatulia. Kitu kidogo humetameta, kikubwa hutulia. Kwa hiyo kilikuwa kimetanuka, na wakapiga hesabu kwamba kinatanuka kwa mwendo unaokaribia wa nuru. Huo nauhesabu kuwa ujanja mzuri kuliko wote katika habari hii.

Mzee alisikiliza hadi mwisho. Hakuulizia umbali, ambao ndio huwashangaza watu wa mjini. Aliulizia haraka. Kama kitu kimekufa kabla ya kuwepo bahari hii, hawa watu wakimbilia nini?

Nikamwambia nuru ndiyo inayokimbia, ikishapita haishikiki. Akaguna. Sidhani nilimridhisha.

Kuhusu kituo chenyewe alikuwa na maneno machache. Kilitoa ajira kwa baadhi, kilijulikana kwa lango na walinzi. Malalamiko ya kwamba Kenya imepata kidogo yamesikika kwa miaka mingi hata bungeni, na mwaka 2016 serikali mbili zilitia saini mkataba mpya wenye vipengele vya mafunzo na data kwa Wakenya. Mwaka uliofuata Kenya ikaunda shirika lake la anga. Ninavyoona mimi, kodi ya ardhi ni sehemu ndogo ya deni. Sehemu kubwa ni kwamba taarifa zimepita juu ya mapaa ya makuti kwa miongo, na watoto walio chini ya mapaa hayo wamefundishwa kila kitu isipokuwa hizo.

Swift nayo sasa imezeeka. Ilirushwa Novemba 2004 na haina injini ya kujiinua. Jua lilipochangamka miaka ya karibuni, tabaka za juu za angahewa zilitanuka na kuikokota chini kwa kasi kuliko ilivyotazamiwa. Mwaka 2025 NASA iliipa kampuni ya Katalyst ya Marekani kazi ya kupeleka chombo cha kuishika na kuipandisha, jambo ambalo setilaiti hii haikuundwa kufanyiwa.

Mjukuu wa mzee, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alikuwa amekaa karibu muda wote akijifanya anachezea simu. Aliponisindikiza kwenye bodaboda akauliza kama hizo taarifa ni siri. Si siri hata kidogo. Mtandao wa GCN unaoendeshwa na NASA huzituma kwa yeyote aliyejiandikisha, profesa au mwanafunzi, bure. Tukajaza fomu pale pale, huku mwenye bodaboda akipiga honi, kwa barua pepe yake ya shule.

Nilikuwa nimeshafika Mombasa aliponiandikia. "Limelipuka jingine. Nimpigie nani?" Nikamjibu kwamba wenye darubini wameshapata, asiwe na wasiwasi, ila asizifute barua zitakazofuata. Za leo zitasema limetokea wapi. Za kesho kutwa, kama kuna aliyeendelea kutazama, ndizo zitakazosema ni nini.